Tundu katika feza ya koko: historia ndogo ya mapambo ya Masisi na Walikale



Mara ya mwisho niliahidi kuandika juu ya mbolea ya majani. Munisamehe, mbolea itangoja. Kuna jambo limetokea nyumbani, nalo limenirudisha kwenye historia, mimi mtu wa agronomie niliyezoea kupima udongo na kuhesabu miche.

Koko wangu, mama ya mama yangu, alitoka Masisi mwezi wa pili mwaka 2024, wakati vita vilikaribia Sake na barabara yote ilijaa watu wenye magodoro vichwani. Alifika Goma na fimbo, kitenge kimoja cha kubadili, na mkebe wa maziwa ya Nido uliofungwa kwa kamba. Sisi wote tulizani ndani ya mkebe kuna chumvi ao dawa. Ilipita karibu miezi tatu kabla hajaufungua mbele yetu. Kumbe ndani kulikuwa na mukufu.

Si mukufu wa duka. Ni uzi mrefu wenye vitu ambavyo mtu wa kawaida angefagia na kutupa. Kuna mbegu za kijivu zinazong'aa. Kuna vifungo vinne vya shati, viwili vya lulu ya kombe na viwili vya plastiki. Kuna gurudumu dogo la meno lililotoka katika saa ya mkono. Kuna sarafu tatu za santimu zenye tundu katikati, na sarafu moja ya makuta 5 yenye uso wa Mobutu. Na pale katikati, penye kifua, kuna sarafu ya njano yenye pembe sita na picha ya tembo.

Sasa jambo lenyewe. Kuna mwanaume mmoja anayezunguka katika quartier yetu akinunua vitu vya zamani: vinyago, visu, viti, sarafu. Alisikia habari ya mkebe, akaja. Kwa santimu tatu alitaja bei ambayo kwetu ni kodi ya nyumba ya mwezi moja. Kisha akashika ile ya tembo, akaigeuza, akatikisa kichwa. Akasema: «Mama, hii ingekuwa nzima ningekupa mingi. Lakini imeharibika. Ina tundu.»

Koko alicheka mpaka akakohoa. Akamjibu: «Imeharibika? Ile siku walitoboa ndiyo ilianza kuwa yangu.»

Familia ikagawanyika. Mjomba anataka kuuza, juu kodi ya nyumba hairembuki kwa maneno ya historia. Dada yangu hataki. Mimi niliomba siku chache nitafute ile mukufu ni nini hasa. Haya ndiyo niliyopata, na mengine nilikuwa nayo tayari kichwani bila kuyaunganisha.

Nianze na neno. Siye Wakongo wa mashariki hatusemi «pesa», tunasema feza. Na fedha, katika Kiswahili cha tangu zamani, ni madini meupe ya pete na mikufu. Kwa hiyo kila mara unapoomba feza ya unité unaomba pambo bila kujua. Mimi nilizani hiyo ni bahati ya lugha tu. Lakini katika nchi yetu pambo na feza vimebadilishana nguo mara nyingi, na koko alivaa ushuhuda shingoni.

Kabla ya franga yoyote, kando ya Ziwa Kivu kulikuwa butega. Wale wenye nyanya wa miaka mingi labda wamesikia neno hili. Butega ni pete nyembamba za mguu, zilizosukwa kwa nyuzi za mimea ya pori. Zilitoka upande wetu wa magharibi ya ziwa, kwenye ukingo wa pori, hasa kwa Watembo, majirani wa Wahunde wa Masisi na Wanyanga wa Walikale. Wanawake walizivaa nyingi nyingi juu ya mguu, pete juu ya pete, mpaka mguu unaonekana kama umevalishwa soksi ya nyasi. Zilivuka ziwa kwa mitumbwi, Wahavu wa Idjwi wakiwa katikati ya biashara, zikafika Rwanda, na huko pia wanawake walizipenda sana.

Mwanahistoria David Newbury, aliyechunguza biashara ya Ziwa Kivu katika karne ya 19, ameonyesha kwamba butega haikubaki kuwa pambo tu. Ilikuwa kipimo. Watu waliitumia kununulia chakula na mifugo sokoni, yaani ilifanya kazi ya feza. Hebu fikirieni kidogo: mama anatoka sokoni akiwa amevaa akiba yake mguuni. Hakuna mwizi wa kuingiza mkono katika mfuko, hakuna benki ya kufunga mlango. Akihitaji mbuzi anavua, asipohitaji anapendeza.

Mimi kama mtu wa mimea naona kwa nini ilifaa. Pori liko upande moja tu wa ziwa, kwa hiyo upande wa pili hauwezi kujitengenezea kirahisi. Kusuka kunakula wakati, na wakati hauzidishwi kama magugu. Tena ni nyepesi, mtu mmoja anabeba mali kubwa mlimani bila kuvunjika mgongo. Mwalimu wa uchumi angehitaji saa mbili za auditoire kueleza sifa hizo. Wale bamama wa pori walizijua kwa vidole.

Na hapa nataka kusema jambo moja nikipita, juu najua wanaosoma ukurasa huu wanatoka familia mbalimbali. Kati ya 1937 na 1955 serikali ya Wabelgiji ilileta familia nyingi kutoka Rwanda kufanya kazi na kukaa Masisi, na matatizo ya mashamba yaliyotoka hapo tunayajua wote, sitayafungua leo. Lakini wale bamama walioletwa, na wale waliowakuta, wote walikuwa na nyanya waliovaa butega ileile, iliyosukwa katika pori lilelile. Mukufu wa koko hauna butega. Anasema mama yake alikuwa nazo, na aliziacha zioze mguuni.

Kwa nini ziliachwa? Kodi. Serikali ya kikoloni iliweka kodi ya kichwa, na karani hakupokea pete za nyasi. Alitaka franga. Ukitaka kuua feza ya watu hauhitaji kuipiga marufuku. Unakataa tu kuipokea kwenye meza ya kodi. Mwanaume akalazimika kwenda kwa muzungu, shambani ao katika migodi, ili apate kile kipande cha chuma. Butega ikarudi kuwa pambo tu, kisha pambo la wazee, kisha neno la nyanya.

Na vile vipande vya chuma vyenyewe, vile vidogo, vilikuja na tundu tayari. Tangu sarafu za kwanza za Leopold, mwaka 1887, mpaka zile za santimu 5 na 10 za miaka ya 1920, katikati kulikuwa tundu na nyota imeizunguka. Mtu ambaye hana mfuko wa suruali anapitisha kamba, anafunga shingoni ao kiunoni. Wabelgiji walitoa sarafu ambayo tayari inajua kuwa ushanga! Zile tatu za koko ni za aina hiyo. Zimelika sana, lakini nyota inaonekana ukiipaka vidole.

Ile ya tembo ni habari nyingine. Imeandikwa franga 2, mwaka 1943, na jina la Benki ya Kongo ya Wabelgiji kwa lugha zao mbili. Pembe sita. Haikutengenezwa Ubelgiji, juu Ubelgiji ilikuwa chini ya Wajerumani tangu mwezi wa tano 1940 na viwanda vyake vya sarafu havikuweza kutumikia koloni. Ilipigwa Marekani, Philadelphia. Sarafu ya tembo wetu, iliyochongwa na watu ambao wengi wao hawajaona tembo isipokuwa katika bustani ya wanyama, ikavuka bahari ili ilipe wafanyakazi wa Kongo.

Na walilipwa kwa kazi gani? Mwaka 1942 Wajapani walichukua Malaya, na bati ya huko ikakosekana kwa Waingereza na Wamarekani. Bati ya Kongo ya mashariki ikawa na maana kubwa ghafla. Mwaka huohuo siku za kazi ya lazima kwa wanavijiji wa Kongo zilipandishwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Pamba, mpira wa porini, barabara, chakula cha migodi, yote ilikuwa «juu ya vita». Wazee wetu walipigana ile vita kwa jembe, na hakuna aliyewapa medali.

Baba ya koko alikuwa mtu wa jembe. Koko anasema sarafu hiyo aliipata kwa kazi ya shamba la muzungu, mlimani Masisi, na haikuwa ya kwanza wala ya mwisho. Zingine zilikwenda kwa kodi na chumvi. Hii moja aliichukua, akaiweka juu ya jiwe, akaitoboa kwa msumari wa kiatu, akamfunga mtoto wake wa kike. Koko alipokuwa mkubwa akamuuliza kwa nini. Jibu lake ndilo lilinifanya niandike leo. Alisema: «Feza yenye tundu ya msumari, mwenye duka anaikataa. Kwa hiyo hakuna mtu wa hii nyumba atakaiuza, hata mimi nikilewa.»

Nilipoisikia nilibaki kimya. Tundu ya kiwanda ni ya kurahisisha safari ya sarafu kutoka mkono kwenda mkono. Tundu ya msumari ni ya kuifunga breki. Miaka themanini baadaye mnunuzi anakuja na kusema imeharibika, na yeye anasema kweli kabisa: ndiyo ilivyokusudiwa.

Sasa nishuke Walikale, juu ukoo wa mama yangu una mguu moja huku na moja kule, na juu ile tabia ya kuokota kitu na kukipa kazi mpya ina mizizi mirefu zaidi kwenye pori kuliko mlimani.

Kwa Wanyanga wa Walikale kila mtoto wa zamani alijua Mwindo. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyeandikisha masimulizi katika miaka ya 1950, na msomi wa Kinyanga Kahombo Mateene, walitoa moja ya masimulizi hayo katika kitabu mwaka 1969, na kwa hiyo Mwindo anasomwa leo katika vyuo vya Marekani. Ajabu ni kwamba mie niliyezaliwa karibu nilimjua kwa kitabu. Mwindo anazaliwa akiwa tayari na vitu: mkononi conga, yaani kipunga cha mkia wa mnyama, kisha shoka ndogo ya kuchongea, na begani kamfuko ka bahati kenye kamba ndani. Baba yake anataka kumuua. Anamfungia katika ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto hana jeshi wala mali. Ana kipunga, shoka na kamfuko. Nilipomwona koko na mkebe wake wa Nido kwenye barabara ya Sake sikumkumbuka Mwindo. Sasa namkumbuka kila mara.

Majirani wa kusini, Walega, walikwenda mbali zaidi. Walikuwa na Bwami, chama chenye ngazi, wanaume na wake zao, ambapo mtu hapandi kwa damu ya kifalme bali kwa tabia, msaada wa ndugu, na mali anayogawa. Katika kila ngazi unafundishwa kwa vitu. Na vitu gani! Sanamu za pembe za tembo, ndiyo, zile ambazo museo za Ulaya zinazipenda. Lakini pamoja nazo, katika kikapu kilekile, kuna mdomo wa ndege, kucha ya kakakuona, ganda la konokono, kipande cha ngozi, mbegu. Kila kimoja kina methali yake. Kitu bila methali kinanyamaza, na methali ndiyo inayofanya kucha ya mnyama iitwe masengo, yaani vitu vizito.

Bazungu walipoanza kuacha takataka zao porini, Bwami haikusumbuka. Kofia zao za heshima zilipambwa kwa simbi, zile kombe ndogo zilizosafiri kutoka Bahari ya Hindi kabla ya kuwa na bei ya kiongozi. Simbi zilipokuwa ngumu kupata, wakashona vifungo vya shati mahali pake, safu kwa safu, na katika museo leo unaweza kuona kofia ya Kilega inayong'aa kwa vifungo vya fundi cherehani. Ampuli ya taa iliyoungua, mdoli wa plastiki wa mtoto wa kizungu, hata hivyo vilipata nafasi katika mafundisho, karibu na pembe ya tembo. Watafiti wengine walisikitika, wakasema utamaduni unakufa, vitu vya kweli vimekwisha. Mimi siamini. Mtu anayeweza kuchukua ampuli iliyoungua na kuifundishia kijana hekima, huyo hajapoteza utamaduni. Ana utamaduni wenye meno.

Serikali ya kikoloni iliona hatari kuliko watafiti. Mwaka 1948 ilipiga Bwami marufuku. Vitu vingi vilichukuliwa, vingine vilifichwa, vingine viliuzwa, na njia ile ndiyo iliyofikisha mingi Tervuren na New York. Vimelala katika vioo, vimeandikwa namba, methali zimebaki huku. Ao hazikubaki, kwa sababu wenye kuzijua walizeeka bila mtu wa kuwauliza. Vile vifungo vinne vya mukufu wa koko, nilimuuliza kama vina uhusiano na Walega. Akaniangalia kama mtoto mjinga. «Ni vya shati ya babu yako. Ile aliyovaa siku ya ndoa.»

Sawa. Si kila kitu kiko katika vitabu vya museo.

Mbegu za kijivu naweza kuzieleza mwenyewe, na hapa munipe ruhusa ya kidogo cha kazi yangu. Ni Coix lacryma-jobi, nyasi ya ukoo moja na mahindi, inaota penye maji kando ya mashamba. Ganda lake ni gumu na linang'aa kama limepakwa vernis, na uzuri wake ni kwamba ua linapita katikati ya ganda, kwa hiyo ukivuta kile kiini kilichokauka tundu inabaki tayari. Ushanga unaoota wenyewe! Katika misioni nyingi za Afrika watu walitengeneza rozari kwa mbegu hizo. Ukiona nyasi hiyo usiing'oe yote. Lakini zile mbegu ndogo nyekundu zenye jicho jeusi, Abrus precatorius, nawaomba muache kuzitoboa nyumbani penye watoto. Ndani yake kuna sumu kali sana. Ikiwa nzima inapita tumboni, ikitobolewa ao kutafunwa inaweza kuua. Nimeona badada wanaziuza kama bangili bila kujua.

Turudi kwenye feza. Mwaka 1967 franga iliondolewa, ikaja zaire, na makuta 100 katika kila zaire moja. Ile sarafu ya makuta 5 yenye uso wa Mobutu ni ya kwanza ya wakati huo. Mama yangu anasema alipokuwa mdogo makuta ilinunua kitu. Kisha bei zikakimbia. Mwaka 1993 serikali ikatoa zaire mpya, moja kwa zaire za zamani milioni 3. Soma tena: milioni 3. Sarafu zote za zamani zikawa vyuma tu, watoto wakacheza nazo, mafundi wakazifanya pete na waschaa za misumari ya mabati. Mwaka 1998 franga ikarudi, moja kwa zaire mpya 100.000. Tangu hapo sarafu hazikurudi mikononi mwetu. Wengi wenu munaosoma hapa, mukiwa na licence na hata maîtrise, hamujawahi kununua kitu Kongo kwa feza ya chuma. Feza yetu ni karatasi iliyochakaa, yenye harufu ya samaki, isiyoweza kutobolewa. Na hata hiyo tunaihama kwenda dola.

Koko aliongeza ile ya Mobutu kwenye uzi mwaka ambao ilikufa. Hakutoa sababu. Tundu yake imetobolewa pale penye sikio la Mobutu, na nikimuuliza anasema msumari uliteleza.

Kuna wasanii wanaojulikana duniani kwa kazi ya namna hii. Freddy Tsimba wa Kinshasa anachomelea maganda ya risasi, vijiko na funguo, anatoa miili ya watu. Cyrus Kabiru wa Nairobi anatengeneza miwani ya ajabu kwa vyuma na nyaya alizookota. Kinshasa tena kuna tamasha la KinAct ambapo vijana wanapita barabarani wamevaa mikebe, nyaya na viatu vya plastiki. Nawaheshimu. Lakini nikisoma makala za Ulaya juu yao naona kila mara wanaandika kama kuokota na kuunganisha ni uvumbuzi wa juzi, ao ni dalili ya umaskini tu. Umaskini upo, sikatai. Ila kofia ya vifungo haikutoka katika umaskini. Ilivaliwa na watu wenye cheo.

Dada yangu mdogo alianza kutengeneza herini na bikomo tulipofika Goma, na mimi humsaidia jioni juu kazi ya agronome haijapatikana. Waya ya shaba tunaitoa katika mota za redio na ventilateur zilizoungua: unaifungua polepole, unakwangua ile rangi kwa wembe mpaka shaba ionekane, ukiiacha bila kukwangua haishikani na nyingine. Vifuniko vya bia tunavipiga bapa kwa nyundo juu ya jiwe la volkano, na hapo Goma hatukosi mawe. Zipu, kioo cha taa ya piki-piki, vitufe vya simu.

Vitufe vya simu vinanifikirisha. Coltan ya Rubaya inatoka Masisi. Bati ya Bisie, iliyogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilibebwa migongoni kupitia pori mpaka barabara ya Kilambo, na ndege ndogo zilitua juu ya lami pale, magari yakingoja pembeni, kabla ya kampuni kufungua mgodi wa kisasa na kuanza kutoa bati mwaka 2019. Mawe yanatoka kwetu kwa gunia. Yanarudi yakiwa simu, tunainunua kwa bei kubwa, inakufa, na dada yangu anaifungua kwa bisibisi aone nini kinaweza kuvaliwa.

Maganda ya risasi sivitaki. Yapo, watoto wa Masisi wanaleta mfuko mzima ukiwapa biskuti, na ndiyo yanayouzwa haraka kwa wageni. Dada yangu alitengeneza herini mbili tu. Koko alizishika, akazinusa, akazirudisha mezani bila neno. Tangu siku hiyo hatujanunua tena. Tsimba anaweza kuyageuza kuwa kitu kingine, ana moto wa kutosha. Siye moto wetu ni mdogo. Tena mtoto anayetafuta maganda siku moja ataokota kisicholipuka bado.

Baada ya zile siku nilizoomba tulikaa wote, mjomba, mama, dada yangu, mimi, na koko kwenye kiti chake cha plastiki. Nilisoma haya niliyoandika, kwa Kiswahili na sehemu nyingine kwa Kihunde kibovu changu. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Akasema historia ni nzuri, na mwenye nyumba atakuja Ijumaa. Hakuna aliyemjibu, juu alikuwa na haki.

Koko ndiye aliyekata. Aliomba mkasi, akakata uzi mwenyewe, akamwaga vyote kwenye kitenge. Akachagua zile santimu tatu za nyota, akazisukuma upande wa mjomba. «Hizi zilikuja na tundu ya serikali. Zimezoea kutembea. Muziuze.» Zingine akazivuta upande wake.

Ijumaa kodi ililipwa. Uzi mpya ni nailoni tuliyofungua katika gunia la unga wa msaada, unashika sana. Nafasi tatu zilibaki wazi. Dada yangu alileta sanduku lake, na koko akachagua polepole: kifuniko kimoja kilichopigwa bapa, zungusho moja ya waya ya shaba, na kitufe cha simu chenye namba 5. Alimuuliza dada yangu kile kitufe kilikuwa cha simu ya nani. Dada akasema hajui, ni ya kuokota. Koko akakiweka chini, akasema basi atafute kwanza.